Tupeane uzoefu: Mbeya na Iringa hadi Dodoma kwa basi, na namna ya kuzunguka ukishafika

Kijana wa Isanga

Wakuu, habari za majukumu. Tangu serikali ihamie Dodoma, watu wa Nyanda za Juu Kusini tuna safari nyingi za huko: usaili, barua za wizarani, rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, mtoto aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ila vichwani bado tunatembea na ramani ya zamani, ile ya kila kitu kupitia Dar, au ukijitahidi sana, Morogoro.

Naomba uzi huu uwe wa maelekezo tu. Zile za "siku hiyo tukalala Igawa gari limekata springi" zina uzi wake. Hapa weka unapandia wapi, ni kilomita ngapi, nauli inapigwaje hesabu, kinachokwamisha ni nini.

Naanza na njia. Mbeya hadi Iringa ni kama km 330. Iringa hadi Dodoma kwa njia ya Mtera ni kama km 260. Jumla 590 hivi. Ukizungukia Morogoro, Mbeya hadi Morogoro peke yake ni zaidi ya 600, kisha 260 nyingine kwenda Dodoma. Yaani karibu 900. Zamani watu walikwepa Mtera kwa sababu ya vumbi na mashimo, lakini lami ya Iringa–Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018, kwa hiyo sababu hiyo imekwisha. Anayekuuzia tiketi ya kwenda Morogoro "ukaunge huko" anakuuzia km 300 za ziada, pamoja na mlima Kitonga na hifadhi ya Mikumi juu yake.

Mzee wa Uyole

Umeanza vizuri. Niongezee mahali pa kupandia, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotezea saa nzima kabla hata safari haijaanza.

Kama unatoka Kyela, Tukuyu au Kiwira, usiingie Stendi Kuu ya Mbeya. Barabara yenu inakutana na barabara kuu ya Zambia pale Uyole, na mabasi ya kwenda Iringa na Dodoma lazima yapite hapo. Ukiingia mjini utalipa nauli ya kwenda, halafu basi litakurudisha njia ileile uliyoijia. Kata tiketi mapema, mwambie wakala aandike "Uyole" kwenye sehemu ya kupandia, na uchukue namba ya simu ya konda wa gari husika, siyo ya wakala tu. Wakala saa 10 alfajiri amelala.

Wa Mbalizi, Iyunga na Soweto, nyie kumbukeni kuwa jiji la Mbeya limejipanga kwenye barabara moja ndefu, na barabara hiyohiyo ndiyo ya malori ya Tunduma. Upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, km 29, umefanya sehemu nyingine zipite gari kwa zamu. Toka Mbalizi na saa moja na nusu mkononi, siyo nusu saa.

Halafu kuna basi linaloanzia Mbeya na linaloanzia Tunduma. La Tunduma, muda ulioandikwa wa kupita Mbeya ni makadirio. Foleni ya malori ya mpakani ikikaza, linachelewa kabla hata ya kufika Mlowo. Mwenye usaili asubuhi achukue linaloanzia Mbeya.

Binti Kihesa

Kamwene wote. Kwa upande wa Iringa, stendi ya mabasi ya mikoani ni Igumbilo, kule chini barabara kuu, siyo ile ya zamani ya mjini. Kuna wageni bado wanapanda bajaji hadi mjini wakitafuta basi la Dodoma, wakifika wanaelekezwa warudi bondeni.

Ipogolo ni njia panda ya kupandisha kwenda mjini. Ukishushwa hapo na unaunga basi la Dodoma, chukua bajaji au daladala ya Igumbilo moja kwa moja. Ila kama basi lako la Dodoma linapanda kupitia mjini, anayekaa Kihesa au Nduli muulize konda kama anaweza kukuchukua njiani, maana barabara ya Dodoma inatokea upande huo, inapita uwanja wa ndege wa Nduli. Lipa kwanza, pata tiketi kwenye simu, ndipo usubiri barabarani. Bila tiketi, siti yako itauzwa Igumbilo.

Mpiga Hesabu

Nauli. Hapa ndipo watu wanapigwa, na ni hesabu ya darasa la nne.

LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inapanga kiwango cha juu cha nauli kwa kila kilomita kwa kila abiria. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. LATRA ikitangaza vipya, badilisha namba, hesabu inabaki ileile: kilomita mara kiwango.

Mbeya–Dodoma, km 590: daraja la kawaida inakuja kama 28,600, daraja la kati kama 40,000.
Iringa–Dodoma, km 260: 12,600 na 17,600.
Makambako–Dodoma, km 415 hivi: 20,100 kwa daraja la kawaida.

Hizo ni dari. Kampuni inaweza kutoza chini yake, haiwezi kwenda juu. Na soma tiketi yako, daraja limeandikwa. Kulipa bei ya daraja la kati halafu ukapandishwa gari la siti tano kwa mstari ndiyo wizi wa kawaida kuliko wote, na dawa yake ni kuuliza kabla ya kutuma pesa: "siti mbili kwa mbili au mbili kwa tatu?"

Ugomvi wa pili ni wa anayepandia katikati. Umepandia Mafinga kwenye basi lililotoka Mbeya, konda anadai nauli nzima kwa sababu "siti ilikuwa ya Mbeya". Kama siti ilikaa wazi tangu Mbeya, hiyo ni hasara yake. Kama umeikata mtandaoni na mfumo unauza kipande kizima tu, hapo umeridhia mwenyewe. Ndiyo maana wa Mafinga na Makambako mara nyingi ni nafuu kuchukua kosta hadi Iringa, kisha basi linaloanzia Iringa.

Kibena Halisi

Makambako hapa. Naunga mkono, isipokuwa wale wa kutoka Njombe na Songea mnaofika Makambako jioni. Kosta za Iringa zinapungua giza likiingia, na baridi ya Makambako mwezi wa 6 na wa 7 si ya kusubiria gari barabarani na shati la Dodoma. Jioni chukua basi la moja kwa moja, ulipe hiyo tofauti.

Konda Mstaafu

Muda. Basi la abiria linaruhusiwa mwisho km 80 kwa saa, na kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 ni 50. Magari yana kifaa cha kufuatilia mwendo na dereva anajitambulisha kwa kitufe chake, kwa hiyo zile habari za "huyu anakimbiza" zimepungua sana. Ukitaka kukadiria safari, gawanya kilomita kwa 55, siyo kwa 80. Hiyo 55 imeshameza vijiji, mizani, choo na chakula.

Mbeya–Dodoma: 590 kwa 55 ni kama saa 11. Sasa angalia. Ukitoka saa 12 asubuhi unafika saa 11 jioni, ofisi za serikali zimefungwa tangu saa 9 na nusu. Umelipa na gesti juu. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa kusafiri saa 24, kwa hiyo mwenye shughuli ya ofisini atafute gari la usiku, la kati ya saa 1 na saa 3 usiku, afike asubuhi, aoge, aingie ofisini. Mwenye mzigo au watoto achukue la asubuhi.

Mizani iko Uyole, Makambako na Wenda. Basi nalo linapimwa, na linapimwa kwa kila ekseli. Mkiona konda anawaomba wa nyuma wasogee mbele kabla ya kupanda mizani, ujue buti la nyuma limejazwa mchele kupita kiasi. Si kosa lenu, lakini ni taarifa: gari hilo breki zake zitafanya kazi ya ziada kwenye mteremko.

Mama wa Mwanjelwa

Ongezeni jambo la saa kwenye tiketi za simu. Mifumo inaandika saa za kizungu na tarehe inayobadilika usiku wa manane. Tiketi ikisema 15/6, 03:00, hiyo ni saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 15, maana yake unatoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Anayesoma "tarehe 15 usiku" akaja jioni ya tarehe 15 anakuta gari limeshafika Dodoma tangu mchana. Na hela hairudi, kwa sababu kwa upande wao gari liliondoka kwa wakati.

Kijana wa Isanga

Hiyo ni muhimu sana mama yangu, shikamoo. Na "Nanenane" je? Maana Mbeya tuna stendi ya Nanenane, na Dodoma nako watu wanakwambia "shuka Nanenane".

Mama wa Mwanjelwa

Marahaba. Ni viwanja viwili tofauti vya maonyesho ya wakulima. Cha Mbeya ni John Mwakangale, cha Dodoma kiko Nzuguni, na stendi kuu ya Dodoma iko hukohuko Nzuguni, jirani na Soko la Job Ndugai. Mtu akikupigia "nimefika Nanenane", muulize ya wapi kabla hujamtuma bajaji. Na wiki ya kwanza ya Agosti, ncha zote mbili za safari zinakuwa na foleni kwa sababu hiyohiyo moja.

Fundi Breki

Wanaosumbuliwa na kichefuchefu wasikilize. Njia ya Mtera inakwepa Kitonga, ni kweli, lakini ina mteremko wa Nyang'oro. Ukitoka Iringa unateremka kona zile kuelekea Migori, na kutoka baridi ya Iringa, mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, unatumbukia kwenye joto la bonde la Mtera. Masikio yanaziba, tumbo linageuka. Kaa siti za katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maana za nyuma kabisa zinayumba zaidi. Usile chipsi mayai Iringa. Vua sweta kabla ya mteremko, siyo baada.

Kuhusu Kitonga kwenyewe, kwa mnaolazimika kwenda Morogoro au Dar: tatizo si kona, ni lori moja likikatika katikati ya mlima. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, kwa hiyo hakuna pa kupitia mpaka livutwe. Linapopanda linakufa kwa injini kuchemka au gia kukataa, linaposhuka linakufa kwa breki kupata moto kwa sababu dereva ameshuka na gia kubwa akikanyaga breki mfululizo. Kwa hiyo weka maji lita moja na nusu, na chaji ya simu, kabla ya Ilula kama unashuka, kabla ya Ruaha Mbuyuni kama unapanda.

Samaki Perege

Mtera basi likisimama, samaki wabichi hawaingii ndani ya gari. Wakaangwe, au waingie buti kwenye ndoo yenye mfuniko. Konda akikataa msimlaumu, joto la kutoka Mtera hadi Dodoma na samaki chini ya siti ni adhabu kwa watu 60.

Mkazi wa Ilazo

Sasa Dodoma yenyewe. Nimesubiri mfike.

Jiji hili lielewe kwa mikono yake minne. Mashariki, barabara ya Dar. Magharibi, barabara ya Singida. Kaskazini, ya Kondoa na Arusha. Kusini, ya Iringa, ambayo ndiyo mnaingilia nyie. Mikono yote inakutana katikati ya mji. Stendi kuu ya Nzuguni iko mkono wa mashariki. Maana yake nyie wa kusini mnaingia upande mmoja na stendi yenu iko upande mwingine. Mwenye shughuli katikati ya mji amuulize konda mapema gari litapita wapi na atamshusha wapi kabla ya Nzuguni, kuliko kwenda hadi stendi kisha kupanda daladala ya kurudi.

Kosa kubwa la wageni ni hili: Mji wa Serikali Mtumba hauko mjini. Uko km 17 hivi kutoka katikati, kwenye barabara ileile ya Dar, mbele ya Nzuguni, umepita Ihumwa. Kwa hiyo aliyeshukia Nzuguni na anakwenda wizarani ASIINGIE mjini. Avuke barabara, apande gari zinazotoka mjini kuelekea Mtumba. Ukienda kwanza mjini kupanda gari za Mtumba unapita mbele ya stendi uliyoshukia, ukiwa umelipa nauli mbili.

Kabla ya kutoka nyumbani uhakikishe ofisi unayoitaka iko Mtumba au bado iko mjini, maana si taasisi zote ziko kule. Angalia anwani kwenye barua ya wito. Kama barua imeandika Mtumba, ichukulie ilivyo.

UDOM na Hospitali ya Benjamin Mkapa viko upande mmoja, kusini-mashariki mwa mji. Chuo ni kikubwa, ndaki zake (college) zimetawanyika mlimani, na "UDOM" kwenye kibao cha daladala haitoshi. Taja ndaki au taja hospitali kabla ya kupanda. Magari mengi ya ndani ya mji utayapata Sabasaba.

Mpiga Hesabu

Na kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, gesti zinapanda na siti za Jumapili jioni kwenda Dodoma zinaisha mapema. Kata siku tatu au nne kabla.

Mtoto wa Reli

Nauliza: je, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haiwezi kumsaidia mtu wa Mbeya kufika Dodoma? Halafu aunge SGR, ile treni ya kisasa?

Konda Mstaafu

Kwa ramani inawezekana, kwa akili hapana. TAZARA haipiti Iringa wala Morogoro mjini. Kutoka Makambako inateremka kwenda Mlimba na bonde la Kilombero, kisha Dar. Haitoki kila siku, na kile kipande cha Makambako–Mlimba, chenye mahandaki na madaraja, mvua zikizidi udongo unaporomoka na treni inakaa. Reli zenyewe haziungani: TAZARA ina upana wa milimita 1,067, SGR 1,435, na ile reli ya kati ya zamani 1,000. Utashuka stesheni ya TAZARA Dar, uvuke mji kwenda Stesheni ya Magufuli, uanze safari mpya. TAZARA ichukue kama unakwenda Mlimba, Ifakara, au una mzigo na siku za kutosha. Stesheni ya Mbeya iko Iyunga, piga simu uhakikishe treni inakuja kabla ya kubeba begi.

SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Kwa sisi wa kusini inafaa pale tu ulipo tayari Morogoro au Dar. Ukiwa na shughuli Morogoro, shuka Msamvu, lakini ujue stesheni ya SGR iko Kihonda, siyo Msamvu. Chukua bajaji, weka saa moja na nusu kati ya kushuka na treni kuondoka, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege na treni haimsubiri mtu. Tiketi inakatwa kwa namba ya kitambulisho, jina lifanane. Ukipewa namba ya malipo, lipa palepale, ukichelewa siti inarudi sokoni.

Ila wa Iringa anayekwenda Morogoro km 300 ili apande treni ya kwenda Dodoma, wakati Dodoma iko km 260 kutoka mlangoni kwake, huyo anapenda treni tu. Si dhambi.

Fundi Breki

Kuna wanaopanda Noah na Probox za kushea kwa sababu zinaondoka haraka. Angalia namba. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi kibao cha njano. Kibao cha njano maana yake halina leseni ya kubeba abiria, na likipata ajali bima inaweza kukukana kwa kuwa halikukatiwa bima ya abiria wa kulipa. Tena ile siti ya "kati ya dereva na abiria" haina mkanda.

Muuza Mchele Kyela

Nina gunia mbili za mchele na ndizi za Tukuyu nampelekea dada Dodoma. Njiani nitatozwa ushuru?

Mpiga Hesabu

Mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru, tangu sheria ilipobadilishwa 2017. Gunia mbili ni kama kilo 200. Ukisimamishwa kizuizini, taja hilo kwa upole. Mkaa na mbao ni habari nyingine, hizo zinahitaji vibali vya TFS, wakala wa misitu, usichanganye kwenye mzigo wa mchele.

Mzee wa Uyole

Mpatane bei ya mzigo na konda Uyole, siyo Dodoma, na uandikiwe risiti ya mzigo tofauti na tiketi. Andika kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito: jina la dada, simu yake, DODOMA NZUGUNI. Ndizi zisilale chini ya mchele. Waambie waweke mzigo upande wa buti usiofunguliwa Iringa, maana gunia nyingi hupotea kwa kushushwa kimakosa Igumbilo, siyo kwa kuibiwa.

Kijana wa Isanga

Swali la mwisho upande wangu: mtu akimaliza Mtumba jioni anatokaje?

Mkazi wa Ilazo

Saa 9 na nusu hadi saa 11 kuna daladala nyingi kwa sababu wafanyakazi wanatoka, ila zinajaa na utasimama. Baada ya saa 12 zinapungua, unabaki na bodaboda na bajaji zinazopanga bei zinavyotaka. Kama basi lako la kurudi Mbeya ni la usiku, usipitilize hadi mjini kutafuta chakula. Shuka Nzuguni, vyakula viko palepale stendi, na uwe umefika saa nzima kabla.